Jina la mtoto mchanga: kulichagua, kuliandika na kulilinda lisije likamtesa

Majina mapya yamejaa Unguja na Pemba. Zamani mwalimu wa Donge au Konde akiita Khamis, wanageuka watano. Siku hizi daftari lile lile lina Rayan, Nahyan, Haitham, Ilham na Nahida. Jina geni si kosa. Hapa visiwani lina hata faida yake, kwa sababu wengi wetu hatuandiki jina la ukoo. Mtoto anachukua jina lake, la baba na la babu, na kwa kuwa wajukuu hurithishwa majina ya mababu, wamejaa akina Ali Juma Ali na Khamis Haji Khamis wasiojuana hata kwa sura. Mmoja akikopa, mwengine ndiye anayepigiwa simu. Jina lisilo la kawaida humtenganisha mtoto na msururu huo.

Kinachotesa watoto ni jina lililookotwa kwa mlio wake tu, maana yake haijulikani, tena nyumba nzima haijakubaliana linaandikwaje. Mwongozo huu unalifuata jina kuanzia kabla ya kuzaliwa mpaka kwenye pasipoti. Hatua ya nne ndiyo nzito kuliko zote, msiiruke.

1. Malizaneni nyumbani kabla ya uchungu

Ubishi wa jina ukiachwa mpaka mtoto atoke, litaandikwa lile alilolitaja mtu aliyekuwepo hospitali wakati karani anauliza. Baba na mama wakae mapema, kisha wazee washirikishwe, yachaguliwe majina mawili, la kiume na la kike. Amueni pia nani mwenye neno la mwisho. Bibi, shangazi na ami kila mmoja atakuja na lake, na kumridhisha kila mtu ndiko kunakozaa mtoto mwenye jina moja la cheti, jengine la kwa bibi, la tatu la chuo cha Qur-ani.

Kama mtoto ni wajina wa mzee, liangalieni hili. Mama hatolitamka jina la baba mkwe wake, na heshima hiyo inakwenda mbali: mtoto ataitwa Babu, Mkubwa au Bwana. Ni ada nzuri, haina sababu ya kuachwa. Lakini siku ya kwanza skuli mwalimu ataita "Makame" na mtoto amekaa kimya, aandikwe hayupo. Kuanzia miaka mitatu, mtu mmoja nyumbani asiyefungwa na ada hiyo, kaka au mjomba, amwite kwa majina yake yote matatu kila siku, naye afundishwe kuyataja mwenyewe.

Kuhusu wakati, hakuna haja ya papara. Wengi hutoa jina siku ya saba, pamoja na kunyoa nywele na akika, mbuzi wawili kwa wa kiume na mmoja kwa wa kike. Kumpa siku ile ile aliyozaliwa pia kuna mwendo wake: Mtume (S.A.W.) alimwita mwanawe Ibrahim usiku ule ule. Msilopaswa kulifanya ni kutoa jina la muda hospitali mkitarajia kulibadilisha siku ya saba. Kama hamjaamua, mwambieni muuguzi sehemu ya jina aiache wazi.

2. Jueni maana, kwa herufi zake za asili

Neno kuwemo katika Qur-ani hakulifanyi kuwa jina. Suratul Kauthar ina aya tatu tu. Ya kwanza ina Kauthar, jina zuri ambalo wasichana wengi wanalo. Ya tatu inaishia na abtar, yaani aliyekatikiwa na kheri. Anayefungua msahafu akachukua neno kwa kuwa linavutia kulitamka anaweza kuangukia lolote kati ya hayo mawili.

Tatizo jengine ni kwamba herufi zetu hazionyeshi tofauti zote za Kiarabu. Mtume alimbadilisha mwanamke jina kutoka Asiya akamwita Jamila, na wapo wanaosikia hadithi hiyo wakaingiwa na hofu kwa watoto wao. Yule aliyebadilishwa lake liliandikwa kwa ayn na sad, maana yake muasi. Asya au Asia wa kwetu ni jina la mke wa Firauni, mwanamke mwema, na linaandikwa kwa herufi nyengine kabisa. Alim nalo hivyo hivyo: la ayn ni mjuzi, la hamza ni chenye kuumiza, kama katika "adhabun alim". Kwa hiyo mpelekeeni mwalimu wa chuo jina mlilolichagua, aliandike kwa Kiarabu kwenye karatasi na maana yake chini. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na kadi ya kliniki. Jina mlilolitoa kwenye tamthilia ya Kituruki au ya Kihindi ndilo linalohitaji zaidi kupita kwa mwalimu, kwa sababu tahajia ya kwenye televisheni mara nyingi si ya Kiarabu wala ya Kiswahili.

Majina yanayoanza na Abdul yasikatwe. Abdul peke yake ni "mja wa", halafu hakuna kinachofuata. Na kumwita mtoto Rahman tu, badala ya Abdulrahman, ni kumpa mwanadamu jina la Mola wake.

Yapo majina ya Kiswahili yenye uzito wake: Mtumwa, Shida, Tabu, Mashaka, Siwatu, Semeni, Sikujua. Mengine yalitolewa kwa uchungu, pale mama aliyefiwa na watoto mfululizo alipompa anayefuata jina la kudharaulika ili kifo kimpite. Mengine yalikuwa vijembe vya ndani ya nyumba, kwa wifi, jirani au mke mwenza. Wenye majina hayo wameishi nayo kwa heshima, na kutaka kumrithisha mjukuu jina la bibi aliyeitwa Mtumwa ni mapenzi. Lakini mtoto wa leo atakaa darasani asomeshwe soko la watumwa la Mkunazini lililofungwa 1873, na wenzake wote watamgeukia yeye. Kama bibi alikuwa na jina jengine la chuoni, mpeni hilo. Kama hakuwa nalo, jina lake liwe la nyumbani na cheti kiandikwe jengine. Kijembe kisiandikwe kwenye cheti kabisa; ugomvi utakwisha mwaka huu au ujao, mtoto ataitika Siwatu miaka sabini.

Jina la mwanasiasa nalo tuliache. Visiwani kwetu jina la namna hiyo linauliza mtu upande wake kabla hajafungua mdomo.

3. Lisikilizeni kwa sikio la Kiswahili

Jina linaweza kuwa na maana njema Uarabuni likawa mtihani Mchangani. Hana, kwa Kiarabu, ni furaha na raha. Mwalimu akisoma "Hana Juma", darasa zima litauliza hana nini. Wafaa ni uaminifu, lakini ukilikata mwisho, na watu watalikata, linakuwa "wafa". Haya ni staha, ila kila mtu mzima anayesema "haya!" atamfanya mtoto ageuke. Wasichana wanaoitwa hivi si lazima wabadilishwe; Wafaa likiandikwa na kutamkwa kwa irabu mbili linakaa vizuri. Ila mzazi alijue hili mapema, si siku mtoto anaporudi analia.

Tena si jambo geni katika dini. Mtume aliwakataza watu majina kama Aflah, Rabah na Yasar, ambayo maana zake ni kufaulu, faida na wepesi, kwa sababu mtu atauliza "yupo?" na jibu litakuwa "hayupo".

Lijaribuni hivi. Liite kwa sauti kutoka mlangoni kama unayemwita mtoto kula. Kisha lisome polepole na jina la baba na la babu, kama kwenye orodha ya skuli. Mwisho watajieni watoto wa mtaani wa miaka minane au tisa, muwaulize wangelifanyia utani gani. Hao watakupa jibu ndani ya dakika moja, na watakalolisema wao ndilo mtoto wenu atakalolisikia.

Hapo hapo ulizaneni kama linajulikana ni la kike au la kiume. Riziki, Mgeni, Nuru na Amani yanatumika pande zote mbili. Si vibaya, lakini kila fomu mtakayojaza mkague sehemu ya jinsia. Kijana aliyeandikwa mke hugundua siku anayoripoti dakhalia na kukuta jina lake liko upande wa wasichana.

4. Chagueni tahajia moja

Hapa ndipo maisha ya watu yanapokwama. Jina la kawaida kabisa linaweza kuandikwa njia tano, na kwa kompyuta hao ni watu watano. Mohamed, Mohammed, Muhammad. Abdalla, Abdallah, Abdulla, Abdullah. Suleiman, Sleiman, Suleyman. Mbarouk, Mbaruk, Mubarak. Fatma, Fatuma, Fatima. Tanzania Bara tena huongeza irabu mwisho na kupunguza kh: Khamis wa Wete akienda kusoma Dodoma akiandikwa na mtu mwengine anarudi Hamisi, Said anakuwa Saidi, Othman anakuwa Athumani, Khadija anakuwa Hadija. Jina geni lina hatari zaidi, kwa kuwa karani hana mazoea nalo na atakisia.

Fuateni kanuni hizi.

Jina la pili na la tatu si la kubuni. Nakilini herufi kwa herufi kutoka kitambulisho cha baba, hata kama hamupendi kilivyoandikwa. Baba akiwa Mohamed kwenye kitambulisho, mtoto asiwe wa Mohammed. Kama kuna kaka au dada mkubwa mwenye cheti, wadogo wote wafuate chake. Ndugu wa tumbo moja wanaotofautiana herufi moja ya jina la baba watakuja kuulizwa, siku ya mirathi, kama kweli ni ndugu.

Jina liwe neno moja. Mwanakhamis, si Mwana Khamis. Abdulrahman, si Abdul Rahman. Ummulkheir, Nurulhuda, Mwanajuma, yote yashikane. Sababu yake ni hii: fomu zina nafasi ya jina la kwanza, la kati na la mwisho. Mtoto anayeitwa Mwana Khamis Juma Faki ataandikwa jina la kwanza Mwana, la kati Khamis, la mwisho Juma, na babu ataanguka nje. Baba amekuwa Khamis ghafla, ilhali ni Juma.

Msitie alama. Mas'oud aandikwe Masoud, Sa'ad aandikwe Saad, Al-Amin aandikwe Alamin. Bin na binti yabaki kwenye kadi ya harusi.

Herufi mbili zinazofuatana, kama Sumayya, Rayyan na Ussi, ndizo zinazopotea kwanza. Zikiwa za mtoto, fikirieni kuacha moja: Sumaya, Rayan. Zikiwa za baba au babu, ziacheni kama zilivyo.

Chagueni majina matatu au manne, basi msitoke hapo. Jina la mwisho ndilo linalosomwa kama jina la ukoo nje ya nchi. Ukiongeza la nne kwenye pasipoti peke yake, umebadilisha ukoo.

5. Lipimeni kwa pasipoti

Chini ya ukurasa wa picha kuna mistari miwili ya herufi kubwa inayosomwa na mashine, kila mmoja nafasi 44. Kwenye mstari wa juu, nafasi 2 ni za aina ya hati na 3 za nchi, TZA. Zinabaki 39 kwa majina yote. La mwisho huanza, hufuata alama mbili za kutenganisha, kisha la kwanza na la kati yakiwa na alama moja baina yao. Kwenye majina mashine hiyo inajua A mpaka Z tu. Kistari hugeuzwa alama ya kutenganisha, na alama ya juu, kama ya Mas'oud, hutupwa.

Hesabuni wenyewe. Ummulkheir Abdulrahman Mbarouk: Mbarouk 7, alama 2, Ummulkheir 10, alama 1, Abdulrahman 11. Jumla 31, linaenea. Sasa mpeni jina la pili la mapenzi, Nuruljannah, herufi 11 na alama yake 1, inakuwa 43. Halienei, litakatwa, na tiketi ya ndege iliyoandikwa jina zima haitofanana na mstari huo. Jina moja la mtoto linatosha.

Wenzetu wa mbali nao hukwama. Mwaka 2020 Elon Musk na mwenzake walimpa mtoto jina lenye namba 12 ndani yake, na kwa kuwa California hukubali herufi 26 za Kiingereza tu, ikabidi 12 hiyo waiandike Xii.

Jambo moja la safari lijulikane na kila mzazi wa Kizanzibari. Nahida Khamis Makame akisafiri na baba yake, Khamis Makame Faki, majina yao ya mwisho ni Makame na Faki. Mama naye ana la babu yake, kwa sababu mwanamke wa kwetu habadilishi jina akiolewa. Kwa ofisa wa uhamiaji wa nchi nyengine hao ni watu watatu wa koo tatu, na mmoja wao ni mtoto. Chukueni cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mkiweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Na mwenye jina la Haji au Sheikh ahakikishe limo kwenye tiketi. Mgeni anaweza kudhani ni cheo akaliacha.

6. Siku ya kuandikisha

Usajili wa kuzaliwa uko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Aliyezaliwa hospitali anatoka na karatasi ya hospitali. Aliyezaliwa nyumbani, pa kuanzia ni kwa sheha wa shehia yenu. Aende mzazi mwenyewe. Ukimtuma jirani, anakwenda na jina alilolisikia kwa masikio.

Nendeni na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa, namna hii:

JINA LA MTOTO: NAHIDA
JINA LA BABA: KHAMIS
JINA LA BABU: MAKAME

Mpe karani anakili; usimtajie kwa mdomo. Mwandiko wa kuunganisha haufai, kwani u inasomwa n, na r inasomwa v. Kisha usiondoke na cheti bila kukisoma pale pale. Jicho lililokwisha kulizoea jina huona kinachotakiwa kiwepo, si kilichopo, kwa hiyo lisome jina kinyumenyume, herufi moja moja kutoka mwisho: A-D-I-H-A-N. Kagua jina la baba, la mama, jinsia, tarehe na pahala pa kuzaliwa. Kosa likionekana ukiwa bado umesimama hapo, mweleze karani alirekebishe kabla hujatoka. Likionekana baada ya miaka kumi na tano, ni safari za ofisi kwa ofisi.

7. Skuli na mitihani

Mtoto aandikishwe kwa nakala ya cheti, si kwa maneno. Mwalimu akizoea jina la nyumbani litaingia kwenye daftari, kutoka daftari litaingia kwenye fomu ya mtihani, na cheti cha kidato cha nne kitatoka nalo hivyo hivyo. Kabla ya mtihani wa taifa majina husajiliwa, na mwanafunzi ana nafasi ya kuyakagua. Mzazi akae na mtoto wake na cheti cha kuzaliwa mkononi walinganishe, siku hiyo, si baadaye. Baada ya cheti kutoka, kubadilisha jina juu yake ni kazi ngumu mno.

Vijana wana mtindo wa kujiongezea jina la ukoo wakiwa sekondari, Barwany au Mazrui, hata kama cheti cha kuzaliwa kinaishia na babu. Wazuieni kwa upole. Asiyezuiwa atafika kwenye mkopo wa chuo kikuu na vyeti viwili vya watu wawili. Kama familia inalitaka jina la ukoo, liandikwe tangu cheti cha kuzaliwa, kwa watoto wote.

Akitimia miaka 18 atachukua Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na kile cha taifa. Viwe na tahajia ya cheti cha kuzaliwa na cha skuli.

8. Kama jina limeshaharibika

Tofautisheni kwanza mambo mawili. Kosa la uandishi, yaani herufi iliyozidi, iliyopungua au jinsia iliyogeuzwa, hurudishwa kwa msajili pamoja na ushahidi wa zamani: karatasi ya hospitali, kadi ya kliniki, kitambulisho cha baba, cheti cha ndugu. Ushahidi wa tarehe ya nyuma ndio wenye nguvu, na ndiyo maana kadi ya kliniki isitupwe.

Kutaka jina jengine kabisa ni shauri mbali. Hapo watu wengi hukimbilia kiapo mbele ya wakili au hakimu. Kiapo kinaeleza kwamba Hamisi Saidi na Khamis Said ni mtu mmoja. Hakibadilishi jina lolote, na kila ofisi mpya itakiomba tena. Kinachobadilisha ni hati rasmi ya kubadilisha jina, iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa. Ukishaipata, anzeni na cheti cha kuzaliwa, kisha vitambulisho, kisha pasipoti, mwisho benki na laini ya simu. Ukianza na pasipoti utarudishwa, kwa kuwa pasipoti inaombwa kwa vyeti hivyo hivyo.

Wakati mzuri wa kufanya haya ni kabla ya darasa la kwanza. Ukipita huo, basi iwe kabla ya usajili wa mtihani. Kwa aliyekwisha kupata cheti cha kidato cha nne, na tofauti ni herufi moja mbili, mara nyingi ni nafuu kukubali jina la cheti cha skuli na kuvirekebisha vyengine vikifuate, kwa sababu hicho ndicho kigumu kugusika. Mkikubaliana hivyo, saini yake, akaunti yake na fomu zote za baadaye ziandikwe kwa tahajia hiyo, na ami na shangazi waambiwe, wasije wakamwandika kwa ile ya zamani kwenye hati ya kiwanja.